Haki ya Maji na Deni Lililobaki

Tarehe 28 Julai, 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura juu ya azimio lililoletwa na nchi ya Bolivia. Maneno ya azimio hilo yalikuwa mepesi: kwamba maji safi ya kunywa na choo kilicho safi ni haki ya binadamu, na kwamba pasipo haki hiyo haki nyingine zote hukosa mahali pa kusimama. Nchi 122 zilikubali. Hapana hata moja iliyokataa. Lakini nchi 41 hazikusema ndiyo wala la. Katika hizo zilikuwamo Uingereza, Marekani, Kanada na Australia, na jambo hilo halikutushangaza sana. Lililotushangaza ni kuziona mle Kenya, Ethiopia, Zambia, Botswana na Lesotho, na pamoja nazo Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Wako waliotoa sababu. Walisema kwamba mashauri juu ya haki hiyo yalikuwa yakiendelea huko Geneva, na kwamba haikufaa kupiga kura kabla hayajakwisha. Huenda ni kweli. Lakini mwenye kiu hajui habari za kamati. Baada ya miezi miwili, katika Septemba 2010, Baraza la Haki za Binadamu liliikubali haki hiyo pasipo kupiga kura, na katika Desemba 2015 Baraza Kuu likaongeza kwamba choo na usafi ni haki inayojitegemea, isiyofichwa nyuma ya maji. Kwa hiyo leo neno hili halina ubishi tena miongoni mwa mataifa. Na neno haki kwetu lina uzito wake. Hisani huombwa, na mwenye kuitoa aweza kuufumba mkono kesho asiulizwe na mtu. Haki hudaiwa, pakiwa na mwenye haki, pana mdaiwa. Swali letu basi ni hili: katika nchi yetu nani anadaiwa, anadaiwa nini, na tangu lini?

Deni hili ni la zamani kuliko kura ya mwaka 2010. Wakati wa ukoloni mji wa Dar es Salaam uligawanywa katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na bomba nalo likajifunza mipaka hiyo. Palipokaa wakubwa maji yaliingia ndani ya nyumba. Palipokaa wachukuzi, makuli na wapishi wao, maji yalikaa nje, na kina mama wakayafuata kwa madebe. Uhuru ulipopatikana wananchi hawakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba maji ni haki yao. Walilijua jambo hilo kwa mabega.

Serikali ya TANU nayo ililijua. Katika mwaka 1965 ilijitwika gharama za kujenga mabomba na visima vya vijijini, na mwaka 1971 ikatangaza mpango wa miaka 20: kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini awe anapata maji safi karibu na nyumba yake, isiyozidi meta 400. Twaomba msomaji aipime ahadi hiyo. Meta 400 ni mwendo wa dakika chache, mtoto aweza kutumwa akarudi kabla uji haujapoa. Ilikuwa ni ahadi ya kiume, iliyotolewa miaka 39 kabla ya kura ya Umoja wa Mataifa na nchi iliyokuwa miongoni mwa maskini kabisa duniani.

Haikutimia. Mwaka 1991 ulipofika, kiasi cha nusu ya watu wa vijijini walikuwa bado hawana maji hayo, na katika mabomba yaliyojengwa mengi yalikuwa yamekauka. Wako wanaofurahia kulitaja jambo hilo ili kuonyesha kwamba ahadi yenyewe ilikuwa ndoto. Sisi hatukubaliani nao, kwa kuwa sababu za kushindwa zajulikana na hapana hata moja iliyo ya ndoto. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 ikapanda tena mwaka 1979, na mashine nyingi za kuvuta maji zilikuwa za dizeli. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikula fedha za kigeni. Tena kila mfadhili alipewa mikoa yake: Wafini walikwenda Mtwara na Lindi, Waswidi walikuwa kandokando ya Ziwa Victoria, Wadenmark walishika Iringa, Mbeya na Ruvuma, Waholanzi Shinyanga na Morogoro, Wanorwe Rukwa na Kigoma. Kila mmoja alikuja na wataalamu wake, ramani yake na pampu yake. Pampu ya mkoa mmoja ikivunjika kipuri, kipuri cha mkoa wa pili hakiingii. Na kijijini hapakuwa na mtu aliyefundishwa kuifungua. Mashine iliyoletwa kwa meli kutoka Ulaya ilisimama miaka kumi kwa kukosa kidude kinachoenea katika kiganja cha mkono!

Baada ya hapo upepo wa dunia uligeuka. Katika mkutano wa Dublin wa mwaka 1992 wataalamu walikubaliana kuyahesabu maji kuwa ni mali yenye bei, na nchi zilizokuwa na madeni zilielezwa zikaelewa. Zilipotaka kupunguziwa madeni yao ziliwekewa masharti, na sharti mojawapo kwa Tanzania lilikuwa kuitoa kazi ya maji ya Dar es Salaam katika mikono ya shirika la umma na kuikabidhi kwa kampuni.

Habari ya mkataba huo yafaa isimuliwe kwa vijana ambao walikuwa bado wadogo. Mkataba ulitiwa sahihi Februari 2003, na kazi ikaanza Agosti mwaka huo. Mpangaji aliitwa City Water Services, kampuni iliyoundwa na Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mshirika wao wa hapa nchini. Alipewa miaka kumi ya kuuza maji na kukusanya fedha, huku mabomba yenyewe yakibaki mali ya DAWASA. Fedha za kuyatengeneza mabomba zilikopwa na umma wa Tanzania kutoka Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Kwa maneno mengine, mkopo ulikuwa wetu na ukusanyaji ulikuwa wao. Hata ukusanyaji wenyewe haukwenda; makusanyo yalipungua kuliko yalivyotazamiwa, na kodi aliyopaswa kuilipa DAWASA ikalala. Mei 2005 Serikali iliuvunja mkataba, kabla hata haujatimiza miaka miwili ya kazi.

Kampuni ilikwenda kushtaki. Baraza la usuluhishi lililokaa London liliamua kwa upande wa DAWASA na kumwamuru mpangaji alipe fidia. Baraza jingine, la Benki ya Dunia, lilitoa hukumu yake Julai 2008: kwamba Serikali ilikosea katika namna ya kumtoa mpangaji, lakini kwamba kampuni haikustahili kulipwa hata senti moja ya fidia, kwa kuwa siku ya kutolewa biashara yake haikuwa na thamani yo yote. Nchi nyingi changa zilizovunja mikataba ya namna hii hazikutoka barazani salama namna hiyo.

Lakini twasema kweli hata pale inapotuuma. Kumfukuza mpangaji mbaya hakuleti tone moja la maji. Baada ya mwaka 2005 shirika la umma lilirudi kazini, na mtaa uliokuwa mkavu uliendelea kuwa mkavu kwa miaka mingi, mpaka mitambo ya Ruvu ilipopanuliwa: ule wa Ruvu Chini kutoka lita milioni 180 kwa siku kufika milioni 270, na ule wa Ruvu Juu kutoka milioni 82 kufika milioni 196. Na hata hivyo Oktoba 2022 mto ulipopungua, mji mzima ulirudi kwenye zamu za maji, kwa sababu mto usio na bwawa haukopeshi. Bwawa la Kidunda limezungumzwa tangu wazazi wetu ni vijana. Mkataba wa kulijenga ulitiwa sahihi mwaka 2022. Kwa hiyo anayesema kwamba shirika likiwa la umma basi kazi imekwisha, huyo anajidanganya. Mali ya umma isiyosimamiwa na umma huota mabwana wake wapya.

Mabwana hao twawaona Uswahilini kila siku. Tuseme nyumba ina watu sita. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema mtu mmoja ahitaji lita 50 mpaka 100 kwa siku ili anywe, apike, aoge na afue. Tukichukua hiyo ndogo, lita 50, nyumba yetu yahitaji lita 300, yaani madumu 15 ya lita 20. Akiuziwa dumu kwa shilingi 100, mama mwenye nyumba hii angetoa shilingi 1,500 kila siku, au 45,000 kwa mwezi. Maji hayo hayo, lita 9,000, ni uniti tisa tu za bombani, na mwenye bomba ndani ya nyumba huzilipia sehemu ndogo ya fedha hizo. Maskini hununua maji kwa bei ya juu kuliko tajiri. Na kwa kuwa hana 45,000, atafanyaje? Hununua madumu sita. Maji ya kunawa mikono ndiyo ya kwanza kukatwa. Wala hatumlaumu kijana wa mkokoteni, kwani naye ni kabwela anayesukuma madumu kwa kifua chake. Tunailaumu hali iliyomweka yeye mahali pa bomba.

Na palipo mbali na mkokoteni, mkokoteni ni kichwa cha mwanamke. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na hubebwa kutoka bondeni kwenda juu, mara tatu, mara nne, kabla ya shamba na kabla ya shule. Kazi hii haina mshahara, haina likizo, na haimo katika hesabu za mapato ya taifa. Chama cha wafanyakazi kingeikataa siku ya kwanza.

Hata maji ya ziwani tuliyozaliwa tukiyaona hatukuachiwa bure. Mwaka 1929 Uingereza na Misri zilipatana kwamba pasitendeke kazi ya umwagiliaji wala ya umeme juu ya mto Nile na maziwa yake, katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza, ikiwa kazi hiyo yaweza kuyapunguza maji ya Misri, mpaka Misri ikubali kwanza. Watu wa Mwanza, Mara na Bukoba hawakuulizwa. Serikali ya Tanganyika iliukataa mkataba huo kwa barua yake ya Julai 1962, iliyoziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba nchi huru haifungwi na sahihi ya bwana wake wa zamani. Kukataa kulikuwa kwa maneno kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 2004 kukawa kwa mabomba: ujenzi ulianza wa kuyavuta maji kutoka Ihelele, wilaya ya Misungwi, kwenda Shinyanga na Kahama. Misri ilinung'unika, kazi iliendelea, na Mei 2009 mradi ulifunguliwa rasmi. Baadaye bomba hilo likaendelezwa mpaka Nzega, Igunga na Tabora, nchi ambako kisima cha kiangazi ni shimo la tope. Mkataba mpya wa nchi za mto Nile, uliotiwa sahihi Entebbe mwaka 2010, umeanza kuwa na nguvu tangu Oktoba 2024. Sisi hatuna chuki na fellahi wa Misri, ambaye naye ni mkulima na kiu yake ni kama yetu. Lakini haki ya Mnyamwezi ya kunywa haikuwa ya kuandikwa mjini Cairo.

Sasa tuje kwenye choo. Twajua wasomaji wengine watakunja uso, kwa kuwa maji huzinduliwa kwa ngoma na vitambaa, lakini ni nani aliyepata kumwona mkubwa akikata utepe mlangoni pa choo? Ndiyo maana haki hii hubaki nyuma daima.

Mwaka 1973 nchi hii ilifanya jambo ambalo mataifa tajiri yalikuja kujifunza. Kampeni ya Mtu ni Afya ilipeleka masomo kwa redio, na wananchi kiasi cha milioni mbili wakakusanyika katika vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyefundishwa na kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi. Kipindi kikiisha hawakuondoka. Walizungumza, wakaamua, wakaenda kuchimba. Vyoo vilivyochimbwa vilikuwa malaki. Hapakuwa na mjenzi kutoka ng'ambo wala mkopo wa kulipwa na wajukuu. Tukiwasikia leo wataalamu wakisema kwamba watu wa vijijini hawana mwamko wa usafi, twashangaa walisoma wapi historia.

Lakini jembe lina mpaka wake. Shimo linalofaa kijijini penye nafasi halifai Manzese, Vingunguti au Tandale, ambako nyumba zimebanana, maji ya ardhini yako juu, na kisima cha jirani kiko hatua chache. Mifereji mikuu ya maji machafu ya Dar es Salaam hufika kwa sehemu ndogo tu ya wakazi. Wengine wote wanategemea mashimo. Shimo likijaa na gari la kunyonya halipiti kichochoroni, au mwenye nyumba hana fedha, hungojewa mvua. Usiku mvua ikinyesha kwa nguvu, ukuta wa shimo hutobolewa, na uchafu hutoka pamoja na mafuriko. Wenyeji huita kutapisha choo. Mwenye kutapisha anajua anamtapishia jirani, na jirani wa juu naye amekwisha kumtapishia yeye.

Kipindupindu huzaliwa hapo. Kiliingia nchini katika miaka ya 1970 na hakijahama. Mwaka 1997 peke yake walioandikwa kuwa wameugua walizidi 40,000, na waliokufa walizidi 2,000. Agosti 2015 kilianza tena Dar es Salaam kikaenea mikoani mpaka Zanzibar, na wagonjwa wakapita 20,000 kabla hakijatulia. Ugonjwa huu waweza kumwua mtu mzima mwenye nguvu kwa saa chache, kwa kumkausha maji mwilini, na dawa yake ya kwanza ni maji safi yaliyotiwa chumvi na sukari. Mtu asiye na maji safi basi huugua kwa kuyakosa, na anapougua huyakosa yale ya kumponya. Kila mlipuko tunaona magenge ya mama lishe yakivunjwa na matunda ya wachuuzi yakimwagwa. Huenda kuna siku inapobidi. Lakini mama lishe hakuchagua kuosha sahani kumi kwa beseni moja. Aliuliza bomba liko wapi, akaonyeshwa mtaa wa pili.

Katika Katiba yetu ya mwaka 1977 hamna ibara inayotaja maji kuwa haki. Kenya, ambayo nayo ilinyamaza siku ya kura, iliyaandika maji na usafi katika ibara ya 43 ya Katiba yake mwezi uliofuata, Agosti 2010. Twapendekeza nasi tufanye hivyo, ila tusidhani kwamba wino hutoa maji. Afrika Kusini iliiandika haki hiyo mwaka 1996. Na mwaka 2009 wakazi watano wa Phiri, katika Soweto, walipokwenda Mahakama ya Katiba kudai lita 50 kwa kila mtu kwa siku na kupinga mita za kulipia kwanza, mahakama ilikataa kutaja kiasi na mita zikabaki. Haki isiyotajwa kwa lita na kwa meta hukwepeka kwa urahisi. Wale wa mwaka 1971 walilijua hilo, ndipo wakaandika 400.

Kwa hiyo tunataka vipimo. Sheria ya mwaka 2019 iliyounda RUWASA imeweka kila mradi wa kijiji chini ya chombo cha watumia maji wenyewe, na chombo hicho hukusanya fedha zao. Hesabu za fedha hizo zisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa sauti, pamoja na idadi ya siku ambazo bomba lilikuwa kavu na sababu yake. Wanachama wenye nafasi katika halmashauri waulize, kabla ya kupitisha mradi mpya, ile pampu ya mradi wa zamani imekufa kwa ajili gani, na kama fundi wake yupo. Mjini, bei ya dumu kwenye kituo cha kuchotea iandikwe ukutani kwa herufi kubwa, na isizidi bei ya mwenye bomba nyumbani. Shule isifunguliwe kwa madarasa matupu. Msichana aliyevunja ungo na asiye na choo chenye mlango na maji hukosa masomo kila mwezi, na kukosa huko huhesabiwa kuwa ni uzembe wake.

Wafanyakazi nao wana lao. Katika mikataba ya kazi tumezoea kudai mshahara na saa, na ni haki. Lakini viko viwanda na mashamba ambako watu mia hutumia tundu moja, na wanawake huacha kunywa maji tangu asubuhi ili wasihitaji kwenda huko. Jambo hilo liingie katika madai ya tawi, liandikwe kwa idadi ya matundu. Tena wako vijana wanaoshuka mashimoni usiku kutoa uchafu kwa ndoo, miguu mitupu, pale gari lisipofika. Wanafanya kazi ambayo mji ungekufa pasipo hiyo, na hulipwa kwa siri kama wezi. Manispaa ziwaandikishe, ziwape viatu, glavu, chanjo na pampu ndogo za mkono zinazopita vichochoroni, na ujira wao ujulikane. Bajeti za halmashauri hupitishwa kila mwaka kabla ya Julai. Fungu hilo lina nafasi yake humo.